Acheni Kunidai Banjo

Juzi tena. Kijana kaja studio na wimbo wake wa gitaa, mzuri tu, akaketi kwenye kochi na kuniambia: "Boss, niwekee banjo kidogo hapo iwe country." Rafiki aliyemsindikiza akadakia kabla sijajibu: "Usimwekee banjo ya uongo kama ya Taylor Swift. Yule alikuwa pop tangu zamani, banjo ilikuwa geresha."

Walidhani wanabishana. Wote wawili wanaamini country, ule muziki wa hadithi wa Wamarekani, inakaa ndani ya banjo, ala ya nyuzi yenye tumbo kama ngoma. Mmoja anataka kuinunua, mwenzake anaishtaki. Nimechoka na imani hii, kwa hiyo leo naandika.

Chukueni Love Story, wimbo wa Taylor Swift wa 2008. Wimbo huo ulipelekwa redio za country na miksi moja, na redio za pop na miksi nyingine, yaani mchanganyo mwingine wa sauti, ambayo banjo na fidla zimepunguzwa. Sauti ni ileile, maneno ni yaleyale. Kama country ni banjo, basi wimbo ulibadili kabila kwa fundi kushusha vitufe viwili. Mimi nashusha vitufe kila siku, sijawahi kuona muujiza huo.

Sikilizeni mwisho wake badala yake. Kiitikio kimeshapita, umeshakizoea: msichana anamsihi kijana waondoke. Kinaporudi mara ya mwisho maneno yamegeuka, sasa anayesema ni kijana, amepiga goti na pete mkononi, na muziki mzima unapanda kutoka D hadi E. Kiitikio kinachorudi kikiwa kimebeba habari mpya ni ufundi wa Nashville kabisa, mji wa Marekani ambao ndio makao ya country. Hakuna kitufe cha kuuzima. Na Swift aliuandika peke yake, hajafika miaka 20.

Sasa niwageukie wazee wangu, wale wa "country ya kweli ilikuwa Jim Reeves". Shikamooni. Nyumbani kwetu pia santuri zake zilipigwa kila Jumapili. Lakini Jim Reeves ndiye country-pop mwenyewe! Mwishoni mwa miaka ya 1950 maprodyuza Chet Atkins na Owen Bradley waliondoa fidla na stili gitaa kwenye rekodi za Nashville, wakaweka violini laini na waitikiaji wa nyuma, ili watu wa mjini wanunue. Waliolalamika enzi hizo walisema maneno haya haya mnayosema leo. Mwimbaji wa country Shania Twain naye mwaka 2002 alitoa albamu moja, Up!, kwa miksi tatu za rangi tatu: nyekundu ya pop, kijani ya country, buluu ya dunia nzima. Angalau yeye hakuficha jikoni.

Heshima ya wahakiki ni kesi nyingine, na watu huichanganya na hii. Januari 2010 Swift alipewa Grammy ya albamu ya mwaka kwa Fearless, akiwa na miaka 20. Usiku huohuo akaimba na mwimbaji mkongwe wa roki Stevie Nicks, sauti ikatoka nje ya ufunguo. Nimeirudia kwa masikio ya kazi: ilikuwa mbaya, sitetei. Kilichoniudhi ni hatua iliyofuata, watu kutoka "hakuimba vizuri" hadi "basi hata nyimbo anaandikiwa". Kuimba jukwaani na kuandika ni kazi mbili! Akatoa albamu ya Speak Now mwaka huohuo, nyimbo 14, zote kaandika peke yake.

Ila hata jibu hilo linanikera kidogo. Nashville watu huandika wawili wawili, na si aibu. Wimbo wa All Too Well Swift aliuandika na mtunzi Liz Rose, na kwangu unashinda karibu kila alichoandika peke yake.

Mwelekeo ulimsumbua kweli kwenye albamu ya Red, 2012. Wimbo mmoja ni roki ya uwanjani, unaofuata una besi ya kutikisa vioo, mwingine ni gitaa na machozi. Single ya kwanza aliitengeneza na Waswidi wawili, Max Martin na Shellback. Oktoba Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati za nyimbo, ikabadili hesabu ya chati yake ya country, ikaanza kujumlisha mauzo ya mtandaoni na redio za aina zote, na wimbo huo ukaruka hadi namba moja ya country. Hapo wenye redio za country walikuwa na haki ya kununa. Mwaka 2014 akaja na albamu iitwayo 1989, akasema wazi hii ni pop. Mwaka uliofuata mwanamuziki wa roki Ryan Adams akairekodi upya albamu nzima kwa sauti ya huzuni, na Pitchfork, tovuti ya wahakiki wa muziki, ambao hawakuwa wamehakiki ya Swift, wakahakiki ya Adams. Ya Swift waliifikia 2019. Nyimbo zilezile, jamani.

Nikiri jambo. Nadharia yangu ina tundu. Kama country ni hadithi inayogeuka mwishoni, basi nusu ya dansi ya zamani, zile za barua na mume aliyehamia mjini, ni country. Na kwenye 1989 hadithi bado zipo, ila sikio langu halisikii country hata kidogo. Kwa hiyo ala zina kazi fulani. Kiasi gani, nabadili mawazo kila nikiweka hedifoni.

Yule kijana nilimrekodia mara mbili, na banjo na bila banjo. Zote mbili zililegea palepale: ubeti wa pili unarudia wa kwanza kwa maneno mengine, hakuna kilichotokea. Nikamrudisha nyumbani akauandike upya. Usiku rafiki yake akanitumia ujumbe: banjo ni pesa ngapi?