Nembo ya Getini Haishtakiwi

Mtu akija ofisini na malalamiko dhidi ya kampuni kubwa, najua atakachosema kabla hajamaliza kuvuta kiti: "Wakili, makao makuu yao yako London. Tuwashtaki huko huko, si ni kampuni moja?" Hapo tayari ameshaipigia hesabu fidia yake kwa pauni. Wiki hii nimeambiwa tena hivyo, na nimechoka kulijibu swali hili mteja mmoja mmoja.

Si kampuni moja. Nembo ni moja na rangi ya magari ni moja, lakini kisheria ile ya London na ile iliyokuajiri ni watu wawili. Msingi huo uliwekwa Uingereza mwaka 1897 katika shauri la Aron Salomon, mtengeneza viatu: kampuni ikishasajiliwa inajitegemea, na madeni yake si ya mwenye hisa, hata kama hisa karibu zote ni zake. Kenya na Tanzania tulirithi sheria hiyo na bado tunaifuata. Chukua hati yako ya mshahara usome yale maandishi madogo ya chini. Utakuta jina refu linaloishia na "Kenya Limited" au "Tanzania Limited". Huyo ndiye mwajiri wako. Nembo ya getini haishtakiwi.

Wanaobisha huwa nawapeleka Kericho. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi na wakazi wa mashamba ya chai ya Unilever walivamiwa. Wapo waliouawa na waliobakwa. Wahanga 218 walikwenda London kuishtaki kampuni mama pamoja na kampuni tanzu ya Kenya, wakidai hawakulindwa dhidi ya hatari iliyokuwa ikionekana. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwakatalia mwaka 2018. Haikusema hawakuumia. Ilisema ushahidi uliokuwepo ulionyesha kwamba mipango ya usalama ilikuwa mikononi mwa menejimenti ya Kenya yenyewe, si ya London.

Mwaka uliofuata, wanavijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, waliruhusiwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza kuendelea na kesi yao dhidi ya Vedanta ya London, kampuni mama ya Konkola Copper Mines inayochimba shaba huko, kwa madai kwamba maji yao yalichafuliwa. Je, Wazambia waliumia kuliko watu wa Kericho? Hapana. Tofauti ilikuwa karatasi. Vedanta ilikuwa imechapisha ripoti ya uendelevu ikijinadi kwamba bodi yake ndiyo inayosimamia viwango vya mazingira katika kampuni zake zote tanzu, na kuhusu umwagaji wa majitaka kwenye mito ilikuwa imeeleza bayana. Majaji walisema maneno hayo yanatosha kuifanya hoja isikilizwe. Mwaka 2021 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Mwaka huohuo wakazi wa Ogale na Bille, katika Delta ya Niger nchini Nigeria, nao walifunguliwa mlango dhidi ya Shell kwa mantiki hiyohiyo: kinachoangaliwa ni nani hasa aliyekuwa akiendesha shughuli, na hilo hujulikana zaidi kwa nyaraka za ndani. Kuruhusiwa kusikilizwa si kushinda, lakini bila hatua hiyo hakuna kesi.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wateja wangu wameuchoka, ni huu: kabla ya mabango, soma ripoti zao za mwaka. Ndiyo, zile zenye picha za watoto wanaocheka. Wakubwa wa makampuni hupenda sifa, na mkurugenzi mtendaji aliyesimama mbele ya wawekezaji atakuambia anadhibiti kila bomba na kila kisima duniani. Akifika mahakamani, wakili wake atasema mteja wake ni mwenye hisa tu, mambo ya huko hayajui. Ukiwa na ile ripoti mkononi, utamuuliza ni lini alisema kweli. Ipakue leo uihifadhi, maana tovuti hubadilishwa. Kisha nenda kwa Msajili wa Makampuni, au BRELA kwa walio Tanzania, ujue wenye hisa na wakurugenzi ni akina nani. Nashangaa watu hukodi basi zima kwenda kuandamana wakati hakuna hata mmoja wao aliyefanya upekuzi huo wa bei ya chakula cha mchana.

Kuna na misemo mingine ya wateja. "Tumng'oe bosi, mambo yatanyooka." Mei 2020, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge kule Australia, yenye historia ya binadamu ya miaka 46,000, ikitafuta madini ya chuma. Bodi kwanza ilikata marupurupu ya wakubwa watatu ikadhani yameisha. Kilichowaondoa Septemba ni wanahisa, ikiwemo mifuko ya pensheni ya Australia iliyokataa kunyamaza. Na mkurugenzi mtendaji aliyeondoka bado malipo yake ya mwaka huo yalizidi ya mwaka uliotangulia. Kama unachanga kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ulizia hela zako zimewekezwa wapi. Hapo utasikilizwa kuliko barabarani.

"Walitujengea zahanati, hatuwezi kuwashtaki." Mnaweza. Zahanati ni zawadi, sumu ni kosa. Ila kuna ile karatasi mliyosaini siku ya uzinduzi. Ileteni niisome, huenda humo mliahidi kutoshtaki.

"Hukumu ikitoka, hela zinaingia." Waulizeni watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopewa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 kwa sumu ya madini ya risasi (lead), Mahakama ya Rufani ikaitengua tuzo hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

"Haki haiozi." Inaoza, tena mapema. Mashirika manne yaliyopinga bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga yalifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020. Mwaka 2023 likatupwa bila hoja za mazingira kuguswa, kwa sababu mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu, na majaji waliihesabu kuanzia 2017, Uganda na Tanzania zilipotia saini makubaliano ya bomba hilo. Madai ya kawaida ya ajira Kenya ni miaka mitatu. Na barua ya meneja inayosema "suala lenu linashughulikiwa" haiongezi hata siku moja.