Jeni ya tiba ikishadungwa, bado haijafika

Dada mmoja kwenye daladala ya hospitali ya KCMC, hapa Moshi, alimhakikishia jirani yake kwamba jeni ya tiba ukishadungwa tu, imefika. Wapi! Jeni hiyo ni DNA, na hata ikiingia ndani ya seli, kazi bado: lazima ifike kwenye kiini, ndiko jeni husomwa. Kwenye saitoplazimu (ute unaozunguka kiini) vimeng'enya huikatakata DNA, na inayosalia hukuta utando wa kiini, wenye vitundu ambavyo molekuli kubwa haijipitii hivi hivi. Seli ikigawanyika utando huvunjika, DNA ikapata upenyo. Ila seli za misuli na neva kwa kawaida hazigawanyiki. Basi watafiti huipachika DNA kipande kifupi cha DNA ya kirusi kiitwacho SV40: protini za seli zinazoelekea kiinini hujishika hapo, zikaivuta ndani. (Chanjo za mRNA hazina shida hii, kazi yake huishia nje ya kiini.)