Je, wajua kwa nini ni vigumu kujua mbunge wako alipigaje kura?

Mbunge anaporudi nyumbani mwisho wa wiki, hukosi habari zake. Madarasa mawili yamekamilika, transfoma imefika sokoni, fomu za basari zinachukuliwa kwa chifu, barabara iliyokatika wakati wa masika itamwagiwa kokoto. Haya husemwa kwenye mazishi, kwenye harambee ya kanisa na redioni kwa lugha ya nyumbani, na jioni picha zimejaa kwenye kundi la WhatsApp la wadi. Sasa jaribu kumuuliza: wiki hii mlipitisha nini kule Bungeni, na wewe ulisema ndiyo au siyo? Mara nyingi jibu halipatikani, na si lazima iwe anakuficha. Huenda hakuna karatasi popote inayoonyesha alichosema.

Katika Bunge la Taifa la Kenya, mambo mengi huamuliwa kwa sauti. Mjadala ukiisha, Spika huitoa hoja iamuliwe. Wanaoafiki waseme ndiyo, sauti zinapaa. Wanaopinga waseme siyo, sauti zinapaa tena. Spika anapima kwa masikio yake, kisha anatangaza upande ulioshinda. Hakuna anayehesabu vichwa wala anayeandika majina. Dodoma ni vivyo hivyo. Ukifungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya Bunge la Tanzania, baada ya kurasa nyingi za michango utakuta mistari miwili mifupi: "Hoja ilitolewa iamuliwe", halafu "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Hansard hiyo hiyo imeonyesha, ndani ya mabano, mahali makofi yalipopigwa na mahali watu walipocheka. Nani alisema ndiyo na nani alisema siyo, haionyeshi.

Utaratibu huu tuliurithi kutoka Bunge la Uingereza, na una sababu yake. Mswada mmoja huulizwa mara nyingi sana kabla haujawa sheria. Husomwa mara ya kwanza kwa jina tu. Mara ya pili wabunge hujadili wazo lake kuu na kuamua kama waendelee nalo. Kisha Bunge zima hugeuka kuwa kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu, na kila kifungu, kila rekebisho, lina swali lake la ndiyo au siyo. Mwishoni husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura ukiwa mzima. Mswada wenye vifungu themanini ukihesabiwa kura za majina kila hatua, siku nzima haitoshi. Pale ambapo wote wamekubaliana, sauti inatosha, na mimi sioni ubaya wake.

Ubaya uko kwenye vifungu. Hapo ndipo ushuru mpya huongezwa au kuondolewa, ndipo neno "lazima" hugeuzwa kuwa "anaweza", na hapo ndipo ukumbi huwa na watu wachache zaidi. Katiba ya Kenya inataka wabunge 50 tu ili kikao cha Bunge la Taifa kiwe na akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa, kati ya wabunge 349 wa kuchaguliwa na kuteuliwa. Basi kifungu kinachogusa mshahara wako kinaweza kupita kwa sauti za watu wachache, na baadaye kila mmoja wao akaja kwako akaapa kwamba yeye alikipinga. Huna cha kumkanushia. Naye aliyekipinga kwelikweli hana ushahidi wa kukuonyesha.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Kifungu cha 122 cha Katiba ya Kenya kinamkataza mbunge kupigia kura jambo ambalo ana maslahi ya kifedha ndani yake. Kanuni nzuri hiyo. Lakini katika kura ya sauti, mbunge mwenye kampuni ya sukari anaweza kuketi katikati ya wenzake wakati hoja ya sukari inaamuliwa, akasema ndiyo pamoja nao, na asijulikane. Katiba imeweka katazo ambalo kura ya aina hii hairuhusu mtu kulikagua.

Njia ya kuyatoa majina hadharani ipo. Spika akiona sauti zimekaribiana, au mbunge akidai kura zihesabiwe na kuungwa mkono na wenzake wa idadi iliyowekwa katika Kanuni za Kudumu, kengele hupigwa majengoni kote. Wabunge hutoka kamatini, ofisini na kantini wakikimbilia ukumbini. Muda wa kengele ukiisha, milango hufungwa, na aliyebaki nje amebaki nje. Kisha kila mmoja huhesabiwa kwa jina: aliyeafiki, aliyepinga, aliyejizuia. Spika wa Kenya hana kura, na kura zikilingana, hoja imeanguka. Orodha ya majina huingia kwenye Hansard, na hapo haifutiki. Kwa mambo makubwa, hesabu haikwepeki hata kama hakuna aliyeidai. Kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani angalau 233 katika Bunge la Taifa, na idadi hiyo haiwezi kupimwa kwa masikio.

Wakenya waliiona nguvu ya orodha hiyo Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo uliposomwa mara ya pili tarehe 20 Juni, wabunge 204 waliuafiki na 115 wakaupinga. Hiyo ilikuwa kura ya majina. Haukupita muda orodha ikawa kwenye simu za watu nchi nzima, jina na eneobunge, pamoja na nambari za simu za wabunge ili wananchi "wawasalimie". Vijana ambao hawakuwahi kusoma Hansard maishani mwao walijua mbunge wao yuko upande gani. Tarehe 25 Juni mswada ulisomwa mara ya tatu, ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, na alasiri hiyo hiyo waandamanaji wakaingia ndani ya majengo ya Bunge. Watu walipoteza maisha. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Wabunge kadhaa waliosema ndiyo waliomba radhi hadharani kwa watu wao. Fikiria kama Spika angepima sauti tu siku ile: nani angeomba radhi, na kwa lipi?

Linganisha takwimu hizo mbili uone zinavyosema. Waliopiga kura tarehe 20 ni 319, na tarehe 25, kwa hesabu ya ndiyo na siyo, ni 301. Bunge lina wabunge 349. Kwa hiyo kila mara kuna waliokosekana, na hao nao wana la kujibu. Kukosa kunaweza kuwa na sababu ya haki: ugonjwa, safari ya kikazi, msiba. Kunaweza pia kuwa njia ya kukwepa. Tena kwenye mambo yanayohitaji theluthi mbili, asiyekuwepo ni sawa na aliyesema siyo, kwa sababu kinachohesabiwa ni waliosema ndiyo peke yao. Mwaka 2019, mswada wa kutekeleza kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ulikwama Bungeni kwa sababu hawakupatikana wabunge 233 wa kuuafiki. Viti vitupu vilitosha kuuangusha.

Seneti ya Kenya ina utaratibu wake. Kwenye mambo yanayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja tu, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake, hivyo kura ni 47 ingawa maseneta ni 67. Seneta wako akikosekana siku hiyo na asimwachie mtu kura, kaunti nzima imenyamaza.

Tanzania ina kura moja kubwa ya majina kila mwaka, nayo ni ya bajeti ya Serikali mwezi Juni. Makatibu mezani huita jina la kila mbunge, naye hujibu kwa sauti mbele ya wenzake na kamera. Uzito wake unatokana na Katiba: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, na wabunge wote wakarudi kuomba kura upya. Mbunge anayesema siyo kwenye bajeti anajua anacheza na kiti chake mwenyewe. Ndiyo maana ndiyo ya bajeti haitoshi kukuambia mbunge wako ana msimamo gani kuhusu bei ya mbolea au tozo ya miamala. Hayo uyatafute kwenye michango yake wakati wa mjadala wa wizara, ambayo Hansard imeiandika neno kwa neno.

Swali la kura ya wazi au ya siri liliwahi kulitikisa Bunge Maalum la Katiba pale Dodoma mwaka 2014. Wajumbe walibishana siku nyingi, wengine wakitaka wazi ili wananchi wawajue, wengine wakitaka siri ili vyama visiwaadhibu wanaokwenda kinyume. Walimaliza kwa kuruhusu zote mbili, kila mjumbe achague mwenyewe. Nawaelewa wale waliotaka siri. Kiranja wa chama, yule anayesimamia nidhamu ya wabunge wake, naye huisoma orodha ya majina, tena kabla yako, na mbunge anayepinga chama chake huweza kuondolewa kwenye kamati au kunyimwa tiketi. Lakini kura ya mbunge si yake kama ile yangu na yako kituoni. Ameipiga kwa niaba yetu, kwa hiyo kumficha dhidi ya chama ni kumficha pia dhidi yetu.

Hata huko tulikouchukua utaratibu huu walichelewa. Bunge la Makabwela (House of Commons) la Uingereza lilianza kuchapisha rasmi orodha za majina mwaka 1836. Marekani, Katiba yao inasema sehemu moja ya tano ya waliohudhuria wakidai, yaani mtu mmoja kati ya watano, kura huandikwa kwa majina. Hata hivyo, katika Baraza la Wawakilishi, Bunge lilipokaa kama kamati kurekebisha miswada, majina hayakuwa yakiandikwa mpaka sheria ya mwaka 1970 ilipolibadilisha hilo. Mwaka 1973 wakaweka mashine za kura, na leo barua ambayo mwakilishi wa Marekani huwapelekea watu wake inaweza kutaja kura moja moja: mswada fulani, nilisema ndiyo, sababu ni hii.

Ripoti za wabunge wetu husheheni madarasa na basari kwa sababu nyingine pia, nayo ni fedha. Tangu sheria ya CDF (Mfuko wa Maendeleo ya Eneobunge) ya mwaka 2003, mbunge wa Kenya amekuwa na mfuko wa eneobunge ambao watu wanauona kwa macho: ukuta uliopakwa rangi, kibao chenye jina lake. Tanzania ilifuata mwaka 2009 na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua Agosti 2022 kwamba sheria ya CDF ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba mtunga sheria hapaswi pia kuwa mtekelezaji wa miradi. Mzazi aliyelipiwa karo ana haki ya kushukuru. Ila mswada mmoja wa ushuru unaweza kuchukua kutoka mfukoni mwake, mwezi baada ya mwezi, zaidi ya basari ile, na kwenye harambee hakuna anayeutaja.

Kuitafuta kura yenyewe si kazi ngumu kama wengi wanavyodhani. Hansard za Nairobi na za Dodoma ziko kwenye tovuti za mabunge, zimepangwa kwa tarehe. Kwa Kenya, kuna Mzalendo, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na mwenzake kufuatilia wabunge wanasema nini na wanafanya nini. Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya kinalitaka Bunge lifanye kazi zake kwa uwazi, na cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Utakapokutana naye barazani, muulize kwa jina la mswada na tarehe, usimuulize kwa ujumla. Kama kura ilikuwa ya majina, mwambie akutajie upande wake, kisha ukathibitishe kwenye Hansard. Kama alisema ndiyo mara ya pili na siyo mara ya tatu, mpe nafasi ajieleze, kwa sababu wengine huupitisha mswada hatua ya pili kwa nia ya kuurekebisha vifungu. Kama hakuwepo, muulize alikuwa wapi. Na kama ilikuwa kura ya sauti naye anasema alipinga, muulize kama alisimama kudai majina yahesabiwe, au kama alisimama kumuunga mkono mwenzake aliyedai. Hilo Hansard huwa imeliandika.