IRM kabla ya kupasuliwa titi lenye kansa: si lazima kwa kila mama

Hapa Bukavu utasikia: "Mama, usikubali kupasuliwa titi bila IRM, daktari atakata gizani." IRM ni picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Basi familia inafikiria kuuza kiwanja ili avuke Rusizi kwenda Kigali, na wiki zinapita.

Uingereza walilipima jambo hili kwa wanawake 1,623, katika utafiti wa COMICE uliotolewa 2010. Wote walikuwa wamekwisha kupimwa kwa njia za kawaida. Karibu nusu wakaongezewa IRM. Waliorudishwa kupasuliwa tena walikuwa karibu 19 kwa 100, pande zote mbili. Tatizo ni kwamba mashine hii ya sumaku inaona mno. Hata uvimbe usio kansa unaweza kung'aa, ukadai sindano nyingine ya kuchukua kipande cha kupima, na kuna wanaoishia kukatwa titi zima bila haja.

Ina kazi yake, sikatai: kansa ikikutwa kwapani ilhali titi halionyeshi kitu, au kwa mwenye kasoro ya kurithi katika jeni ya BRCA, inayoongeza hatari ya kansa ya titi. Kwa wengi, mikono ya daktari, mamografia (picha ya eksirei ya titi), ekografia na kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara vinatosha kupanga upasuaji.