Je, Wajua? Kwa Nini Kiingilio cha Disneyland Kilikuwa Dola 104 Siku Moja na Dola 206 Siku Nyingine

Lango ni lilelile na rola kosta, zile treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi, ni zilezile. Lakini katika bei ambazo Disneyland ya California, bustani ya burudani huko Marekani, ilitangaza Oktoba 2024, mtu mzima aliyeingia siku ya bei ya chini kabisa alilipa dola 104, na aliyeingia siku ya bei ya juu kabisa alilipa dola 206. Tofauti ni dola 102, zaidi ya shilingi 13,000 za Kenya, kwa mtu mmoja kwa siku moja. Familia yenye watu watatu wanaolipa bei ya mtu mzima inatofautiana na jirani yake kwa karibu shilingi 40,000 kabla haijanunua hata chupa ya maji. Mzazi wa Kisumu au Nakuru anayeweka akiba mwaka baada ya mwaka ili awapeleke watoto kwenye bustani kubwa ya burudani ng'ambo anastahili kujua tofauti hiyo inatoka wapi.

Wengi hudhani aliyelipa zaidi alichelewa kununua. Dhana hiyo tumeitoa kwenye ndege, ambako anayekata tiketi wiki ya mwisho mara nyingi huumia. Kwa Disneyland ya California mambo hayako hivyo. Bei imefungwa kwenye siku utakayoingia, si siku utakayolipa. Ukifungua kalenda yao ya tiketi, kila tarehe ina bei yake, na bei hizo zimepangwa kwa ngazi saba, kuanzia 0 hadi 6. Anayetaka kuingia wiki ya Krismasi atalipa bei ya wiki ya Krismasi hata akinunua miezi minne mapema. Kununua mapema kunasaidia kwa namna nyingine: unaiwahi bei ya sasa kabla haijapandishwa, na unahakikisha siku yako haijajaa. Lakini hakuigeuzi siku ghali kuwa siku rahisi.

Dhana ya pili ina mizizi zaidi, kwa sababu inaonekana ya haki: kwamba anayelipa zaidi anapewa zaidi. Ukweli ni kinyume kabisa, na kwangu hili ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika biashara hii. Siku ya dola 206 ndiyo siku ya umati, na siku ya umati mtoto anaweza kusimama saa nzima kwa mchezo wa dakika tatu. Siku ya dola 104 mchezo uleule unaweza kuuingia baada ya dakika chache, ukatoka, ukarudi tena. Ukigawa pesa kwa idadi ya michezo ambayo mtoto amepanda, pengo kati ya siku hizo mbili linakuwa kubwa kuliko lile lililoandikwa kwenye tiketi.

Ya tatu ni hali ya hewa. Hii ina ukweli wake katika nchi zenye baridi kali au joto kali, nami nitairudia. Ila haielezi California, ambako jua halikosekani kwa muda mrefu mwezi wowote, na bado bei inaruka maradufu.

Historia yenyewe ni fupi. Disneyland ilifunguliwa Julai 1955 kwa kiingilio cha dola 1 kwa mtu mzima, na kila mchezo ulilipiwa kando. Kwa miaka mingi watu walinunua vitabu vya kuponi zenye herufi, A kwa michezo midogo hadi E kwa ile mikubwa. Mwaka 1982 kuponi zikaondolewa; ukilipa langoni umelipia kila kitu. Tangu hapo foleni ndiyo iliyobaki kuwagawa watu. Februari 2016 kampuni ikaacha bei moja ya kila siku na kuweka tatu, dola 95, 105 na 119, kulingana na tarehe. Ngazi zimeongezeka tangu wakati huo.

Lakini kwa nini bei ifuate tarehe? Kiti cha rola kosta kikizunguka kitupu, nafasi hiyo imepotea. Haiwekwi stoo ikauzwa Jumamosi. Umeme umewaka na wafanyakazi wamelipwa, awe amekaa mtu au hakuna. Ili kuona kinachofuata, simama steji ya magari ya magharibi jijini Nairobi tarehe 22 Desemba. Kila mtu anaelekea nyumbani, Kisumu, Busia, Kakamega, Bungoma. Barabara haijarefuka tangu Oktoba na viti havijaongezwa sponji, lakini nauli imepanda vibaya, na aliyeilipa anasafiri amebanwa na magunia, mizigo ya wenzake ikiwa magotini. Gari hilohilo likishashusha Kisumu linageuza. Sasa makanga anaita abiria wa Nairobi kwa sauti ya kubembeleza, maana akiondoka na viti vitupu hasara ni yake. Anayeelekea Nairobi jioni hiyo anapata nauli nafuu na dirisha la kuchagua. Wiki ya kwanza ya Januari upepo unageuka: wanaorudi kazini ndio wanaokamuliwa, na gari linalotoka Nairobi kuja magharibi ndilo lina nafasi.

Nauli ya Desemba, basi, haipimi urefu wa safari. Inapima ni watu wangapi wanalazimika kusafiri upande uleule siku ileile. Anayeweza kungoja wiki moja anangoja. Anayebaki kulipa ni yule ambaye kalenda imemfunga.

Kwenye bustani za burudani, aliyefungwa na kalenda ni mzazi. Kijana asiye na mtoto anaweza kwenda Jumanne ya Februari; mwenye mtoto darasani anangoja shule zifungwe. Ndiyo maana bei za bustani hizi, ukiziweka kando ya ratiba za shule za nchi husika, hupanda na kushuka nazo. Wafaransa wanalijua jambo hili kiasi kwamba serikali yao imeigawa nchi katika kanda tatu za shule, A, B na C, ambazo hupokezana likizo za Februari na za masika, ili hoteli za milimani zisifurike wiki moja na kulala tupu wiki inayofuata.

Tofauti ya bustani na steji ni kwamba makanga huangalia umati kwa macho yake na kutaja nauli papo hapo, ilhali Disneyland ya California huchapisha bei zake mapema. Lakini si bustani zote zilizo hivyo. Disneyland Paris, iliyofunguliwa Aprili 1992, ilianza mwishoni mwa 2024 kutumia bei inayoweza kusogea kwa tarehe ileile kadiri tiketi zinavyonunuliwa. Huko kuwahi kunaweza kukuokoa pesa. Kabla ya kuamini ushauri wa mtu yeyote kuhusu kununua mapema, uliza kwanza anazungumzia bustani ipi.

Sasa chukua ratiba ya Wizara ya Elimu ya Kenya, uiweke juu ya zile za wenzetu. Likizo ya Aprili mara nyingi hugongana na Pasaka, na Pasaka ni msimu wa bei ya juu Ulaya na Marekani. Agosti ni kiangazi chao, watoto wao wengi wako nyumbani. Wiki mbili za mwisho za Desemba ni Krismasi ya dunia nzima. Mpaka hapo mzazi wa Kenya anaonekana amefungiwa kila mlango.

Ila muhula wa tatu wetu huisha mwishoni mwa Oktoba, na shule hazifunguliwi hadi Januari. Watoto wa Ufaransa humaliza likizo yao ya vuli mwanzoni mwa Novemba, hupumzika tarehe 11 Novemba, kisha hukaa darasani hadi karibu tarehe 20 Desemba. Wamarekani wana sikukuu yao ya Shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, na wiki hiyo ni ya kuepuka. Baada yake kuna utulivu hadi katikati ya Desemba. Kwa takriban wiki tano, mtoto wa Nakuru yuko huru na mtoto wa Paris yuko shuleni. Sisi ndio abiria wa upande wa pili. Disneyland Paris huwa tayari imepambwa kwa Krismasi kufikia katikati ya Novemba, kwa hiyo Jumanne ya wiki ya tatu ya mwezi huo mtoto anaona taa na gwaride la Krismasi bila wewe kulipa bei ya Krismasi. Hata ndege zinakubaliana na mpango huu, mradi urudi kabla Wakenya walioko ng'ambo hawajaanza kumiminika nyumbani.

Kuna mambo ya kuangalia. Paris ya Novemba ina baridi na giza huingia mapema, hivyo koti na viatu vizuri ni sehemu ya bajeti. Bustani nyingi hufunga baadhi ya michezo kwa ukarabati wakati huohuo wa utulivu. Kama mtoto ameota mchezo mmoja tu, hakikisha kwenye tovuti yao kwamba utakuwa unafanya kazi. Wikendi hubaki na watu hata Novemba. Na nyumba yenye mtahiniwa wa KCSE haina Novemba. Ingoje mwaka unaofuata.

Anayelazimika kwenda Agosti asikate tamaa, ageuze uso kusini. Shule za Afrika Kusini ziko katikati ya muhula mwezi huo, na Johannesburg ina majira ya baridi makavu, mchana wa jua na usiku wa sweta. Gold Reef City imejengwa pale palipokuwa na mgodi wa dhahabu wa Crown Mines. Ina rola kosta iitwayo Anaconda, ambayo abiria huning'inia chini ya reli miguu ikiwa hewani, na pia kuna ziara ya kushuka mgodini, jambo ambalo mtoto hatalipata Paris wala California. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Wakenya wenye pasipoti za kawaida huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Epuka tarehe 9 Agosti, ambayo ni sikukuu yao ya wanawake, na angalia siku za kufunguliwa, kwani nje ya likizo bustani hiyo haifunguliwi kila siku ya wiki.

Huko Ghuba ndiko hali ya hewa inakoshika usukani. Agosti ya Dubai na Abu Dhabi hupita nyuzi 40, watalii hukimbia na hoteli hushusha bei. Lakini Warner Bros. World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2018, iko yote ndani ya jengo lenye kiyoyozi, na IMG Worlds of Adventure ya Dubai vilevile. Wiki za Idi zina bei zake hata wakati wa joto, na kwa kuwa Idi husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kalenda ya mwaka jana haitakufaa.

Tarehe ikishapatikana, tazama umri wa watoto. Kwenye ndege, aliye chini ya miaka 2 hukaa mapajani na mara nyingi hulipiwa karibu asilimia 10 ya nauli. Disneyland ya California na ya Paris huwaingiza bure walio chini ya miaka 3. California humtoza mtoto wa miaka 10 kama mtu mzima; Paris humngoja afike 12. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, yuro 45 kwa mwenye miaka 6 hadi 11, na bure kwa aliye chini ya 6. Baba, mama, mtoto wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 5 watalipa yuro 225, bila kuhesabu ada ya kituo cha maombi na bima ya safari. Viza ya matembezi ya Marekani ilipandishwa 2023 hadi dola 185 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, na ukinyimwa hairudishwi. Familia hiyohiyo inaanza na dola 740.

Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Anayeilenga Novemba anaweza kuwasilisha yake tangu Mei, na kabla ya Mei kila mtoto awe na pasipoti yake. Ile ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 tangu Machi 2024. Huombwa kupitia eCitizen, na mkazi wa magharibi anaweza kupigwa picha na alama za vidole Kisumu, Eldoret au Nakuru bila kufika Nairobi.