Mita ya oksijeni ikisoma 7.3 Nairobi, usiitupe

Wiki iliyopita jamaa mmoja mfugaji wa samaki aliniletea mita yake ya oksijeni ya majini akilalamika imekufa. "Jedwali linasema 9.1, hii inaniambia 7.3!" Maji ya ndoo, nyuzi 20, yamepulizwa hewa usiku kucha hadi yashibe oksijeni.

Mita ilikuwa nzima. Jedwali lake, la oksijeni ambayo maji yanaweza kushika, ndilo la usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na mgandamizo wa hewa huku ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, kwa hiyo maji hayawezi kushika oksijeni ile ile. Miligramu 7.3 kwa lita ndiyo kujaa kwenyewe.

Kibaya ni kile alichokuwa amekaribia kufanya: kuilazimisha isome 9.1. Ukifanya hivyo, bwawa lenye miligramu 4 mita itakuonyesha 5, nawe utalala usingizi samaki wakihemea juu juu.

Kama mita yako haina kihisi cha mgandamizo, iingizie mwinuko au mgandamizo halisi wa hapa, takribani hektopaskali 815 hadi 820. Usichukue ule wa utabiri wa hali ya hewa kwenye simu. Mara nyingi umeshageuzwa kuwa wa usawa wa bahari, ukiuona ni elfu moja na kitu. (Hapo hata mafundi hunaswa.)

Namba zikirukaruka, hiyo ni kesi nyingine. Chungulia utando mwembamba unaofunika kihisi cha oksijeni: kiputo kidogo cha hewa chini yake kinatosha kuleta vurugu zote hizo.