Mombasa joto sawa, lakini oili nzito ya nini?

Ukipeleka gari garaji Changamwe, fundi atakwambia tu, hapa Mombasa joto, tia oili nzito ya 20W-50, hiyo nyepesi itakuwa maji. Maneno haya ni ya enzi za Peugeot 504, na wakati ule yalikuwa na maana yake. Lakini angalia hivi, namba iliyo na W yaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, ya pili ndio uzito wake ikifika digrii 100, na injini ikishapata moto themostati huweka maji yake karibu digrii 90, uwe Nyali saa saba mchana au Limuru na baridi yake, kwa hivyo joto la nje halibadilishi sana. Tena magari ya siku hizi mengi yana VVT, yaani mtambo wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka, inaendeshwa na presha ya oili kupitia vijitundu vyembamba, sasa ukimimina uji mule itachelewa na petroli italiwa zaidi.

Fungua boneti. Mara nyingi kifuniko cha oili kimeandikwa pale juu, 0W-20 au 5W-30. Kitabu cha gari kikiruhusu nzito kwa joto au mzigo, haya, tia.